Mjane wa Chumvi Hajashangiliwa

Jana, kabla hata sijageukia ubavu wa pili, niliota sindano ya gramafoni inanigonga begani. Imevaa tai. Inaniambia kwa adabu kwamba sehemu ya tatu inaanza na ninasubiriwa mimi tu.

Kisa chenyewe kimeletwa na mume wangu, Baba Ruwaida. Alinunua mnadani boksi la santuri kuukuu, na chini kabisa tukakuta opera ya Kitaliano ya mwaka 1911, Mjane wa Chumvi. Kila aliyemuuliza hakuijua, isipokuwa mzee mmoja aliyesema iliimbwa mara moja tu, watu wakaizomea, ikasahaulika. Tumeisikiliza juma zima. Lugha siijui hata neno, lakini huyo mwanamke anayeimba mwishoni ameniliza, nami ni mtu wa taarabu, si wa kulizwa ovyo.

Basi naifuata sindano. Tunapita jikoni kwangu, tunaingia kabati la vyombo, tunatokea kwenye jumba lililonakshiwa dhahabu. Viti vyote vimekaliwa na makoti. Makoti matupu, vifungo vimefungwa.

Nauliza wenyewe wako wapi. Sindano inanieleza kwamba walitoka kwa hasira sehemu ya kwanza, wakasahau kurudi. Makoti yamebaki kwa sababu nayo yalikatiwa tiketi. Naona ni haki. Nakaa kati ya koti la manyoya na koti la mvua, na la mvua linajisogeza kidogo kunipa nafasi.

Pazia linafunguka. Jukwaa ni shamba la chumvi, chumvi ya kweli, mpaka midomo inanikauka. Ersilia, ndiye mjane mwenyewe, amesimama katikati anaimba, na mgongoni ana kisu.

Nauliza mtu aliyechomwa kisu anaimbaje. Kisu chenyewe kinajibu.

"Moyo nimeshaufikia tangu 1911, mama. Ila huku mtu hafi mpaka ashangiliwe. Ndiyo sheria."

Sindano inaongeza kwamba leo ndiyo mwisho. Nondo wanayala makoti, na likiisha la mwisho taa zitazimwa, na Ersilia atafutika hata kwenye santuri. Najaribu kupiga makofi. Viganja vyangu vimekuwa mito ya sufi, havitoi sauti.

Naye anaimba huku ananitazama mimi. Jamani, sauti ile. Inapanda bila haraka, inafika pale ambapo wengine wangepiga kelele, yeye anatulia hapo, kisha anashuka na wewe mkononi. Nilimpenda moja kwa moja, na nilimwonea wivu pia, sitaficha.

Naiambia sindano kwamba ninacho kigelegele. Changu kinajulikana Tanga nzima. Harusi ikikikosa, watu wanaulizana kulikoni.

"Sauti ikiingia humu haitoki," inasema sindano. "Utaamka hunacho tena."

"Binti yangu anaolewa mwezi ujao."

"Basi nyamaza."

Haikusema kwa ubaya. Nikanyamaza. Ersilia akafika mwisho, akaishusha mikono, akasubiri. Nondo walisikika wakitafuna. Mimi nimeitikia kwenye kikundi chetu cha taarabu miaka mingi, ninajua ukumbi ukinyamaza mwimbaji anahisi nini, na yule alikuwa amesimama hivyo zaidi ya miaka mia.

Nikainuka. Nikapanda jukwaani kwa madaha, vile tunavyokwenda kumtunza mwimbaji kwetu, nikavua mtandio nikamfunika mabega, nikakipiga. Kirefu, sikubakisha kitu. Makoti yote yakasimama. Kisu kikashukuru.

"Nimekusikia, dada," akasema Ersilia kwa Kiswahili cha Tanga, kisha akafa, na akafa vizuri sana.

Nilipoamka Baba Ruwaida alikuwa sebuleni, ameshaiweka santuri upande wa mwisho. Nikasimama mlangoni. Ersilia akamaliza, na pale ambapo juma zima kulikuwa na mkwaruzo mtupu, kikasikika kigelegele. Kirefu, na ile kona yangu mwishoni. Mume wangu akainua sindano, akairudisha. Kikapigwa tena.

"Mama Ruwaida," akasema taratibu, "mwaka 1911 wewe ulikuwa wapi?"

Nilijaribu kupiga kingine. Ulimi ukacheza, ikatoka pumzi tu. Nikakaa kitako nikalia, kwa ajili ya mwanangu. Kisha nikafuta uso, nikamwambia Baba Ruwaida kwamba harusini tutakwenda na gramafoni. Wageni watamsikiliza Ersilia mpaka mwisho, wapende wasipende, maana kigelegele cha mama wa bibi harusi kiko nyuma yake.