Aliyebaki Ghalani

Asubuhi ile fundi cherehani alivuka barabara na birika la chai kama kawaida yake, akaanza kumimina. Watu waliokuwa wakilala kwenye ghala bovu lililotazamana na duka lake walikuwa wametolewa nje, wamekaa kando ya barabara na mabunda yao. Nyuma ya ghala tingatinga lilikuwa linanguruma. Alipomaliza kugawa, chai bado ilikuwa imebaki. Kimya hakuwepo.

Kimya ni jina walilompa wenyewe, binti aliyeingia pale kipindi cha mvua na kichanga mgongoni, asiyesema ametoka wapi wala anamkimbia nani.

"Babu, Kimya yuko wapi?" fundi alimwuliza mzee waliyemwita Redio, kwa vile hakuwa na kitufe cha kuzima.

Leo alizima. Akatazama chini kwanza. "Tulitoka naye, mwanangu. Kufika mlangoni akachungulia nje, tingatinga likipita kwenda nyuma, akarudi ndani mbio. Tukamwita weee, wapi."

Fundi akaweka birika chini, akamwendea kaka yake. Huyo kaka ndiye mkandarasi aliyepewa kazi ya kubomoa, na jana yake mezani kwa mama yao walikuwa wamerushiana maneno juu ya kazi hiyo mpaka chakula kikapoa.

"Kaka, simamisha mashine. Kuna mtu ndani."

"Nimekagua mwenyewe. Hakuna mtu." Hakumtazama. "Wewe kila mtu ni ndugu yako isipokuwa ndugu yako. Usinitie aibu mbele ya vibarua."

"Basi bomoa na mimi nimo."

Akaingia kabla hajajibiwa. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya ukungu, na kila mashine iliponguruma vumbi lilimwagika kutoka darini. Aliita, hakuitikiwa. Alimkuta nyuma ya rafu zilizoanguka, amejikunyata, anamnyonyesha mtoto asije akalia.

"Inuka, mwanangu! Wanabomoa!"

Kimya akatikisa kichwa. "Siwezi, mama. Anayeendesha lile tingatinga ni mume wangu."

Akavuta ukosi wa gauni. Begani palikuwa na kovu pana, limechongoka upande mmoja. Fundi alishika pasi kila siku. Hakuhitaji kuambiwa lile ni kovu la nini.

Mara kaka yake akatokea, kofia ngumu kichwani, sauti juu. "Una wazimu wewe? Unataka mama akuzike, halafu mimi..." Akamwona binti. Akaona bega.

"Dereva wako," fundi alisema.

"Yule? Nimemwajiri juzi tu. Mpole, hana makuu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikilizeni. Nikimpeleka kwenye ukuta wa uani, hataiona barabara. Ila itabidi afanye kazi kweli, na humu mtasikia kishindo. Msiogope, ukuta ule haukushikana na ghala. Akianza tu, tokeni. Msikimbie."

Akaondoka. Walingoja wameshikana mikono, mtoto katikati. Kishindo cha kwanza kilipopiga, kipande cha dari kilianguka karibu na miguu yao na mtoto akaangua kilio. Wakatembea. Fundi alimfunika binti kwa khanga yake mpaka machoni. Wakatoka mlangoni, wakafika kando ya barabara, duka wanaliona.

Injini ikazimika.

"Wewe!" Dereva alikuwa ameruka chini, anakuja ubavuni mwa ghala kwa mwendo wa haraka. Pengine alikisikia kile kilio, pengine alikuwa akimtafuta siku zote. "Simama hapo! Huyo ni mke wangu!"

Kimya akasimama kweli, kama aliyepigiliwa msumari. Fundi akamvuta, hakuvutika.

Babu Redio ndiye aliyeinuka kwanza. Alijikongoja akasimama mbele ya dereva, kisha wenzake wakainuka mmoja mmoja na mabunda yao, mpaka njia ikazibika. Dereva akamsukuma mzee kifuani. Mzee akayumba, akarudi palepale.

"Mguse tena uone," sauti ya mkandarasi ikatoka nyuma. "Funguo za mashine, nipe. Kisha utangoja na mimi hapa mpaka polisi waje."

Dereva alitazama huku na huku. Vibarua nao walikuwa wameacha majembe, wanamwangalia. Akatupa funguo mchangani, akaondoka akitukana, akaanza kukimbia alipofika kwenye kona.

Polisi walimpata baada ya wiki. Kimya alilala chumba cha nyuma cha duka, mlango umefungwa kwa ndani, na ilichukua muda mrefu kabla hajakubali kuketi mbele karibu na dirisha.

Ghala lilibomolewa vilevile, siku ileile. Jioni hiyo fundi alimkuta kaka yake amekaa kando ya barabara na Babu Redio, mzee akiongea bila kituo. Kaka yake aliinua macho mekundu kwa vumbi.

"Nina kile kibanda changu cha kuwekea saruji," alisema. "Hakivuji. Nisaidie kuhamisha vitu vilivyomo."

Hakikuwatosha wote. Walianza na wenye watoto.