Sakafu Nyekundu ya Jikoni

Mume wangu Bwanaheri hakuwahi kukaa jikoni kwangu hata kwa muda wa chungu kuchemka, lakini sakafu ya jiko hilo aliichagua yeye.

Posa ya binti yetu Fauzia ilikuwa imekaribia, wageni wanatoka Ziwani, na mvua zilikuwa njiani. Nilitaka jiko la kuwapikia watu bila fedheha. Nikasema ninachotaka: udongo wa kichuguu kutoka Mtawanya, uloweshwe, ushindiliwe mpaka uwe mgumu. Udongo huo hauogopi moto wala kinu, na ukibomoka naziba mwenyewe asubuhi moja. Nimepika miaka kumi na sita, nilistahili kusikilizwa.

"Mama Fauzia, udongo ni mambo ya zamani," akasema. Alikuwa karani bandarini Mtwara, siku zile gati linajengwa, na aliliona jiko la Mzungu wake: sakafu ya saruji, nyekundu, inang'aa.

"Na moto wanawasha wapi?"

"Kwenye jiko la chuma, lina miguu."

"Basi na mimi ninunulie moto wenye miguu."

Akacheka, akaenda kumwita fundi Chande. Wakasimama mlangoni, maana mwanamume kuingia jikoni aliona ni aibu, wakapima kwa macho. Hakuna aliyeniuliza kinu kinakaa wapi. Nilikasirika mpaka mchuzi wa siku ile nikautia chumvi mara mbili, wala sikujuta.

Sakafu ilipokauka ilikuwa nzuri, sikatai. Siku ya kwanza nikatwanga makopa ya muhogo, ikapiga ufa toka kwenye kinu mpaka ukutani. Chande akaziba, akaamuru kinu kitoke nje. Siku ya pili saruji ikashika moto wa mafiga, ikaruka vipande, kimoja kikanitoboa kanga. Mafiga nayo yakatoka. Wiki haijaisha, mitungi ikafuata, eti inaacha alama. Nikawa napikia uani, chini ya makuti yaliyooza, na moshi machoni.

Kila Ijumaa baada ya sala mume wangu analeta rafiki zake walitazame jiko kutoka mlangoni. "Hii itadumu miaka hamsini," anawaambia. Itaachaje kudumu, na hakuna anayeigusa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Siku ya posa mvua ikashuka tangu alfajiri. Makuti yakavuja, kuni zikalowa, moto ukazimika mara tatu. Nililia, na haikuwa kwa moshi. Wageni walipokwisha kukaa barazani, Bwanaheri akaja uani mbio.

"Pilau iko wapi?"

"Mchele huo hapo, mbichi. Sakafu yako ni kavu, baba. Wapakulie sakafu."

Akatazama mvua, akatazama barazani. Kisha akavua kofia, akakunja mikono ya kanzu, akabeba figa la kwanza kifuani. Wazee wa Ziwani walimwona akipita, masizi yamemchafua mpaka kidevuni. Akarudi kwa la pili, na la tatu.

"Niweke wapi?" akauliza, amesimama ndani ya jiko langu kwa mara ya kwanza.

"Katikati."

Nikawasha kwa makumbi makavu. Maji hayajachemka, sakafu ikalia paa! Bwanaheri akaruka. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, na mkono wangu haukusita.

"Baba Fauzia," nikamwambia, "kinu nacho kiko mvuani."