Mistari Myekundu kwenye Skrubu

Risasi mbili zilitulia ndani ya duara. Mbili zikaenda chini, karibu na goti la hirvi, paa mkubwa wa misitu ya kaskazini, aliyechorwa kwenye karatasi. Mtihani wa kulenga, ambao mwindaji lazima aufaulu kabla ya msimu, unataka zote nne. Mzee Taisto aliitazama karatasi, akakohoa, akasema kwa sauti ya kufika hadi kwenye kibanda cha kahawa, "Bunduki imeanza tena!"

Nani angembishia? Kwa miaka thelathini wawindaji wote wa kijiji walimletea yeye bunduki zilizokataa kulenga. Na akimshuku mwenye bunduki kuliko bunduki yenyewe, alikuwa na mchezo wake: anajifanya anampakilia mtu risasi, kumbe hamna kitu. Mtu anafyatua, hakuna mshindo, ila mtutu unainama, maana mwili umeshauogopa mshindo kabla haujaja. Watu walicheka hadi kahawa ikawapalia. Wapo walioacha kabisa kuja uwanjani kwa aibu ile, na Taisto hakuwahi kuwauliza hali.

Vuli iliyopita alimjeruhi hirvi mguuni. Mbwa walimfuata siku mbili, na siku ya tatu wakamkuta amekufa kwenye kinamasi, nyama imeharibika. Kwa wawindaji wale hakuna fedheha kubwa kuliko hiyo. Taisto alisema darubini ya bunduki ilicheza. Darubini hiyo ilifungwa na Iida, binti wa marehemu rafiki yake Arvo, aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua karakana. Taisto alilisema hilo mara moja tu, tena kwa upole, na likatosha. Tangu siku ile hakuna aliyempelekea Iida hata skrubu ya kukaza. Sasa ilisemekana anafunga karakana na kuhamia kusini.

Leo, siku ya mwisho ya mtihani kabla ya msimu, Iida naye alikuwapo. Alikuwa amefaulu kitambo, ameketi peke yake mwisho wa benchi, akimenya soseji yake taratibu.

Taisto alitoa bisibisi, akainamia darubini, mkono ukasita. Kila skrubu ilikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyekundu ya kucha, kuanzia kichwani hadi kwenye chuma cha chini. Iida ndiye aliyeipaka, siku aliyoifunga. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari hukatika. Hii ilikuwa mizima, yote minne. Mwaka mzima hakuwahi kuitazama, na moyoni alijua kwa nini.

Hata hivyo hakukubali haraka. Alisafisha mtutu, akabadilisha risasi, akakagua kitako kama kina ufa. Mwisho akamwita Kauko, msimamizi wa mtihani. "Hebu nipigie tatu."

Kauko alipiga tatu. Matundu yote yangefunikwa na kizibo cha chupa.

"Bunduki nzima hii, mzee. Nzima kuliko mgongo wangu," Kauko akasema, akaenda zake kuongeza kahawa.

Taisto alibaki amesimama na bunduki tupu mkononi, uso umemwaka. Alikuwa na nafasi nyingine ya kujaribu, na zaidi ya Kauko hakuna aliyejua lolote. Akiwahi kutuliza pumzi, pengine zote nne zingeingia, apate cheti chake, na mwezi ujao Iida awe ameshaondoka. Aliwaza hivyo kweli, na akajichukia kwa kuwaza hivyo. Akatembea hadi mwisho wa benchi.

"Binti. Njoo unipakilie."

Iida alimtazama. "Mimi? Si nitakuharibia tena?"

"Nimestahili hilo. Njoo."

"Nikupakilie ngapi?"

"Unavyotaka. Zamu nyingine usiweke kitu. Usiniambie."

Iida akaelewa, akaacha soseji. Alimpa mgongo, akafanya alichofanya, akamkabidhi bunduki. Risasi ya kwanza ililia. Ya pili haikulia: ka! Mtutu ukatumbukia chini kama ndoo kisimani.

Taisto aliishusha bunduki.

"Basi, mzee," Iida akasema polepole. "Nimeona. Inatosha, wengine hawajaona."

"Ndiyo maana haitoshi." Akageukia kibanda, akaita kwa sauti ileile ya mwanzo, "Kauko! Nyote! Acheni kahawa, njooni hapa!"

Walikuja wanaume kumi na wawili na vikombe vyao, wakijua kuna mchezo, wakitafuta ni kijana gani anayeaibishwa leo. Taisto akampa Iida bunduki.

"Pakia tena," akamwambia. Kisha akawaambia wenzake, "Msinitazame mimi. Utazameni mtutu, halafu njooni muone hizi skrubu."

Safari hii hakuna aliyecheka.