Mashine Inayokamua Vibaya

Binti yangu Ljubica alirudi kwetu mjini Niš kwa likizo, akanipeleka dukani kuninunulia mashine ya kufulia na ya kukaushia.

"Mama, hii ya kukaushia itakuondolea taabu ya kuanika."

Taabu hiyo ndiyo niitakayo. Tangu nifiwe na mume, hakuna anayenisemesha ila Radmila wa ghorofa ya chini. Nikianika kwenye roshani, maji humdondokea, naye huchomoza kichwa.

"Wewe kizee, umenilowesha tena! Utakufa lini?"

"Nikishakuzika wewe, shoga!"

Hapo sisi hugombana mpaka kahawa zetu zinapoa.

"Ya kukaushia sitaki," nikamwambia muuzaji. "Ya kufulia, nipe inayokamua vibaya kuliko zote."

"Vibaya, bibi?"

"Vibaya kabisa, mwanangu. Nguo zitoke zinachuruzika."