Upande wa Pili wa Ukuta

Tangu Ritha amchukue mama yake, Luciana, kutoka kijijini Ulemo baada ya msiba wa baba, mama huyo hakuwahi kuzoea maisha ya ndani ya geti. Ritha aliondoka asubuhi kwenda dukani kwake na kurudi jioni akiwa hoi. Nyumba yake hapo Singida mjini ilikuwa nzuri, yenye bati jekundu na uwanja uliosakafiwa wote kwa saruji. Hapakuwa na mti hata mmoja.

Mtu wa kuongea naye alikuwa Mzee Bonaventura, aliyekaa peke yake nyumba ya jirani. Sura hawakujuana. Siku moja Luciana alimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, akamwamkia, "Shikamoo mzee." Kuanzia hapo kila mmoja akawa anaweka kiti upande wake, wanaongea habari za mtama, za mbuzi, na za watu waliokwisha kufa.

Novemba ile mvua ikachelewa na joto likazidi. Luciana alikumbuka tembe lao la Ulemo, la kuta na paa la udongo, lilivyokuwa likipoa jua likishazama. Hapa kuta zilikunywa jua mchana kutwa, na usiku zikalitoa. Ukiegemea, mgongo unaungua.

"Mama, kunywa maji," Ritha alikuwa akisema, kisha anapitiwa na usingizi kwenye kochi.

Mchana mmoja Luciana alipoketi, sauti ya ng'ambo ilikuja nzito, kama ya mlevi.

"Eliza, mbuzi umewanywesha?"

"Mzee, ni mimi, mama Ritha."

"Wafungulie, Eliza. Wanaungua."

Eliza alikuwa mkewe, marehemu. Luciana akaita tena na tena, asijibiwe. Akafungua geti, akatoka kichwa wazi. Mtaa mzima ulikuwa kuta na mageti, barabara inamchoma hata kupitia kandambili. Geti la mzee lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akakimbia, kwa kadiri magoti yalivyomruhusu, hadi kwa dereva wa bodaboda aliyeitwa Festo.

"Baba, ruka ukuta! Mtu anakufa!"

Festo akaruka, akamfungulia. Mzee alikuwa amelala kando ya kiti, ngozi kavu na ya moto. Wakamvuta hadi barazani. Luciana akavua kanga yake ya juu, akailowesha na kumfunika, akawa anammiminia maji shingoni huku Festo akimpepea kwa kipande cha boksi na kupiga simu itafutwe gari.

Kabla gari halijafika, mzee akafumbua macho. Alimtazama Luciana kama mtu asiyemjua kabisa.

"Wewe nani?"

"Shikamoo mzee," alisema Luciana.

Uso wa mzee ukalegea. "Marahaba, mama Ritha. Kumbe ndiwe mfupi hivi."

Alipona. Lakini mwanawe alikuja kutoka Mkalama, akamtoa hospitali na kwenda naye kwake moja kwa moja, asirudi tena mtaani. Hata vyombo vya mzee alivifuata baadaye, mchana mmoja Luciana akiwa amelala.

Jioni ya siku hiyo Luciana alimwambia Ritha, "Mwanangu, nirudishe Ulemo."

"Utakaa na nani, mama?"

Luciana akafikiri. Shamba lilikuwa limekodishwa, na wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kuzikwa.

"Basi, tuache," akasema.

Ritha akamshika mkono, wakakaa hivyo kidogo, mpaka viganja vyao vikatota jasho na wakaachiana.