Helmeti ya Maharage

"Mwaga hayo maharage, Mama Gaudiose. Nataka helmeti yangu."

Marsela hakuinuka mekoni. Maharage ya mchana aliyaloweka humo tangu jana, kama kawaida, maana kambi ya wakata miti ilikuwa na sufuria mbili tu na zote zilikuwa motoni. Celestin mwenyewe ndiye aliyechomoa mikanda ya ndani na kumpa mkewe ile helmeti, siku walipohamia huku msituni, mbele ya kijiji cha Magamba. Kofia ya kuchemsha ubongo, alisema, ya nini?

"Na leo ya nini, Baba Gaudiose? Bwana misitu yuko msibani Kakese. Haji."

"Una uhakika?"

"Hezron kamwona akienda."

Celestin akacheka. Juzi yule bwana aliapa kuifunga kambi akikuta tena mtu anakata miti kichwa wazi, na tangu hapo walikuwa wakimwogopa yeye, siyo miti.

"Basi yaache yalowe." Akatupia msumeno wake wa chenso begani, akaenda.

Mashine ilinguruma asubuhi nzima, kisha ikanyamaza. Marsela akadhani wamepumzika.

Hezron, mkata miti mwenzake Celestin, alikuja mikono mitupu. "Shemeji, kaa chini kwanza."

Mninga ulianguka vizuri, upande ule ule alioutaka Celestin. Ila ulipopita uliukwaruza mti wa jirani, na tawi kavu likachomoka juu, likamshukia kichwani bila kishindo, wakati ameinama kuzima mashine.

Walimlaza kwenye turubai, wakamfunika uso kwa kanga ya mkewe. Marsela hakulia. Neno lake mwenyewe, haji, lilikuwa likimrudia masikioni. Apollinarie, msimamizi wao, aliinyakua helmeti, akamwaga maharage chini, akaanza kuikausha kwa shati lake.

"Tumvalishe kabla bwana misitu na wenzake hawajafika. Wakimkuta hivi, nyie wote hamna kazi. Mikanda yake iko wapi?"

Mikanda ilikuwa imefungia mlango wa banda la kuku.

Pikipiki ikasikika bondeni. Apollinarie akainama, akafunua ile kanga.

"Nipe," Marsela alisema.

"Mama, hii ni kwa faida yako pia."

Aliivuta helmeti kutoka mikononi mwa Apollinarie. Akapiga magoti vumbini, akaokota maharage, yalikuwa yamevimba tayari, akayarudisha yote ndani ya helmeti. Halafu akamfunika mumewe vizuri, akakaa kando yake, helmeti mapajani, akiangalia njia.