Somo la Ndama Aliyegeuka

Kila siku ya kurekodi Oliva alianza kwa kufukuza kuku. Chuo cha mifugo pale Dongobesh hakikuwa na studio. Kilikuwa na stoo ya mashudu iliyotundikwa mablanketi ukutani ili sauti isirudi, na kuku wa mlinzi hawakutaka kuelewa kwamba mashudu yalishaondoka. Akishawatoa, Oliva anafunga mlango, anampa Mwalimu Isidori Sulle leso ajifute jasho, na Selemani, fundi wa kamera kutoka Arusha, anasema tayari.

Kazi aliyopewa Oliva ilikuwa kuhuisha kozi za mtandaoni. Zile za zamani zilikuwa zimechacha, kurasa na kurasa za maandishi, mwanafunzi akifungua tu analala. Mkuu wa chuo alitaka mwanafunzi amwone mwalimu, amuulize swali, ajibiwe, abofye ng'ombe na kumgeuza atakavyo, saa yoyote, awe Haydom au Katesh. Na ukisema mwalimu wa mifugo, ulikuwa unamsema Mzee Isidori. Wengi waliokuwa wakitibu ng'ombe Mbulu na Hanang walipita mikononi mwake. Oliva alikuwa mmoja wao.

Masomo yalitoka safi kabisa. Shida ilikuwa moja: somo likishaingia kwenye kamera, lilimtoka mwalimu. Walirekodi kukamua, na kesho yake mzee akasimama kando ya ng'ombe wake huko kijijini kwake Daudi, ndoo mkononi, hajui aanzie wapi. Mkewe, Mama Genoveva, akamnyang'anya ndoo akakamua mwenyewe, maana maziwa hayasubiri mtu. Walirekodi chanjo, bomba la sindano likawa "kile kidude". Walipomaliza malisho, alimsimamisha Oliva getini akamuuliza, kwa adabu zote, kama ng'ombe anakula nyama.

Selemani hakuona ajabu. Alisema ukihamisha faili badala ya kunakili, kule lilikotoka halibaki. Mkuu wa chuo alisema la muhimu ni kwamba masomo yako salama.

Oliva alijua tangu somo la pili, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Aliona, akanyamaza, akaita somo la tatu. Mkataba wake ulitaka kozi iwe hewani muhula ukifunguliwa, naye mkataba huo aliutafuta kwa machozi. Basi akajiambia mzee anachoka, atapumzika, yatarudi. Hayakurudi.

Likabaki somo moja: kumzalisha ng'ombe ambaye ndama wake amegeuka tumboni. Siku hiyo mwalimu alikuja stoo amevaa koti lake la kanisani, akakaa, akaanza kulichezea kifungo.

"Oliva mwanangu, hili naomba tulisubirishe kidogo. Maua wangu ana mimba kubwa, nami naona ndama amekaa vibaya. Hili ndilo nililobakiwa nalo. Akishazaa, nitakupa lote."

"Sawa mwalimu. Tutasubiri," Oliva akasema, na wakati anasema alikuwa anamaanisha.

Kumbe kamera ilikuwa ya kukodi na jioni hiyo ilikuwa inarudi Arusha. Mkuu wa chuo akapiga simu: "Oliva, usiniangushe." Oliva alipokea akiwa nje ya stoo, kisha akarudi ndani. Hakumlazimisha mzee. Angemlazimisha, pengine aibu ingekuwa ndogo. Alichosema ni kwamba wajaribu taa tu. Kisha, wakati taa inajaribiwa, akamuuliza kama alivyokuwa akimuuliza zamani darasani: mwalimu, ndama akitanguliza mkia, mtu afanyeje?

Jamani, mwalimu wa kweli ukimuuliza swali zuri hawezi kunyamaza. Uso wa mzee ukachangamka. Akasimama, akaeleza mpaka mwisho, mikono yote miwili ikifanya kazi hewani ndani ya ng'ombe asiyekuwepo. Selemani alirekodi kila kitu. Alipomaliza, mzee aliuliza kama anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Wiki iliyofuata, mchana, Mama Genoveva akapiga simu. Maua alikuwa anasukuma tangu asubuhi na hakuna kilichotoka. Bwana mifugo wa kata alikuwa Babati kwenye semina. "Na mzee wako amekaa kwenye kigoda anamwangalia tu ng'ombe," mama akasema. "Njoo, mwanangu."

Oliva akapanda bodaboda mpaka Daudi. Kusoma alikuwa amesoma, lakini miaka yote alikuwa ameshika kompyuta; mkono wake ulikuwa umesahau ndani ya ng'ombe kukoje. Akatoa simu, akafungua kozi, akaishika mbele ya uso wa mzee.

Mzee Isidori alimwona mwalimu kwenye simu, amevaa koti la kanisani. Akavua kofia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," akajibu wa kwenye simu. "Ng'ombe wako anaitwa nani?"

Mzee akamgeukia mkewe. "Maua," mkewe akasema.

"Haya, Maua asikutie hofu. Nawa, paka mkono mafuta. Usimvute ndama, msukume kwanza mbele upate nafasi. Sasa tafuta mguu wa nyuma. Ukwato ufunike kwa kiganja, usije ukamchana mama yake."

Mzee alikosea mara kadhaa. Kila akikosea, mwalimu wa kwenye simu alimngoja, akarudia taratibu, hakumgombeza hata kidogo. Mguu mmoja ukaja, wa pili ukaja, wakavuta wote, na ndama akaanguka kwenye majani. Mzee akampangusa pua kama alivyoelekezwa. Ndama akapiga chafya. Mama Genoveva akamshukuru Mungu kwa Kiiraqw, akapiga magoti akaanza kumsugua.

"Huyu mwalimu umemtoa wapi?" mzee akauliza, damu mpaka viwikoni, anacheka. "Ana moyo huyu! Mwingine angenicheka."

"Ni wa chuoni kwetu," Oliva akasema.

"Ana mke?"

"Anaye."

Mama Genoveva aliendelea kumsugua ndama, hakuinua kichwa.

Ndama alipokwisha kunyonya akashiba, mzee akamwomba mkewe akamue dang'a iliyobaki, yale maziwa mazito ya kwanza, akaitia kwenye kidumu. "Mpelekee. Mwambie imetoka kwa mwanafunzi wake wa Daudi."

Oliva alipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema. Aliona aibu mpaka akatamani ng'ombe ampige teke. Akasema, "Atashukuru sana."

Dang'a aliipeleka chuoni, kwa kuwa hakujua pengine pa kuipeleka. Wenzake wakaichemsha, ikaganda, wakaila na chumvi wakaisifu. Naye walimwekea kisahani, akala.

Jumatatu Selemani alirudi na kamera. Zamu ilikuwa ya Mama Justina, mwalimu wa kusindika maziwa, aliyekuwa amesuka nywele kwa ajili ya siku hiyo. Aliuliza kama ni kweli mtu aliyeko Haydom atamsikia.

"Atakusikia kabisa, mama," Oliva akasema. Hakuweza kumtazama machoni. Akamsogezea kiti, akambandika maikrofoni kwenye ukosi wa gauni, akamwambia Selemani aanze.